Picha Niliyoiita ya Uongo

Kibuli, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla sijasema langu, niambie la kwako: goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye sijida? Na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi, ilifika? Yule dereva nilimtazama mara mbili na sikuyapenda macho yake. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimeogopa, Mama. Sauti yangu ikiingia kwenye simu ya binamu yangu Mwanaidi, kabla ya adhuhuri itakuwa imeshazunguka makundi yote ya Tanga. Barua hii nimempa Bi Saumu muuza vitenge anayekuja huko, na nimeigandisha kwa gundi. Ikikufikia imefunguliwa, nijulishe.

Najua mmeshasikia. Mwanaidi aliniuliza bila hata salamu: "Eti wewe ndiye umemnyima mtoto mlemavu kiti chake?" Basi sikiliza ilivyokuwa kutoka kinywani mwangu, kisha unihukumu wewe uliyenizaa.

Kuna mwimbaji wa hapa tunayemwita Kinanda kwa ile sauti yake. Mashabiki wake tuna kundi kwenye simu, nami nimo tangu mwaka wangu wa kwanza huku, nilipokuwa sina wa kuzungumza naye. Kiongozi wetu ni mama mmoja anaitwa Hajati Rehema. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo ya hisani: anaweka picha ya mwenye shida, sisi tunaisambaza kwa kila tunayemjua, na ikisambazwa vya kutosha mfanyabiashara fulani anatoa msaada ili jina lake lionekane. Nimesambaza mengi, Mama. Vyandarua, miwani ya wazee, vitabu vya shule. Sikuwahi kumwona hata mzee mmoja aliyevaa miwani ile. Nilianza kujiuliza, nikanyamaza.

Mwezi uliopita akaweka picha ya msichana amekaa kwenye kiti cha magurudumu, uso umeinama, machozi yanamlengalenga. Maneno yake yalisema: "Huyu ni Hawa, hajawahi kutembea. Kiti hiki ni cha kuazima. Sambaza, mwenye duka la magodoro atampa chake." Watu walilia kwenye simu. Kinanda mwenyewe aliisambaza.

Nami nilikuwa namjua yule mtoto.

Unajua kazi yangu hapa studio kwa Bwana Maulidi ni kupiga picha za vitambulisho na za shule. Mtoto yule nilimpiga picha wiki moja tu kabla. Alikuja na miguu yake, akapanda juu ya stuli ajitazame kwenye kioo, akaruka chini nusura aangushe taa yangu. Ana kovu kwenye unyusi wa kushoto. Kwenye picha ya Hajati kovu lilikuwa kulia, maana yake picha imegeuzwa. Mtu hageuzi picha bure, Mama. Nilifungua kompyuta, nikaitoa ile niliyompiga mimi, nikaziweka mbili pamoja, nikaandika kwenye kundi: "Mtoto huyu anatembea kama mimi na wewe. Tumedanganywa. Na hivyo vyandarua vilikwenda wapi?"

Nakiri kwako wewe tu. Nilipokuwa naandika nilijisikia vizuri. Hajati aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba mgeni hawezi kuwa katibu wa kundi. Sijui ni haki iliyonisukuma au ni lile jeraha. Hadi leo najishuku.

Basi moto ukawaka. Nusu ya kundi walinitukana, hasidi, mchawi, Mtanzania rudi kwenu. Nusu nyingine wakamgeukia Hajati. Mwenye duka la magodoro akaandika kwamba amejitoa, hataki jina lake lihusishwe na matapeli. Bwana Maulidi naye aliponiona asubuhi hakunisalimia.

"Ile picha ya mtoto wa watu," akasema, "mama yake alimleta hapa apigwe ya shule. Nani alikuruhusu kuitoa nje?"

Mimi niliyepiga kelele kuhusu picha ya mtoto, nilikuwa nimetupa mtandaoni picha ya mtoto yuleyule. Akaniambia nikirudia nitafute kazi kwingine.

Bado anasema hivyo, Hajati Rehema akaingia. Nilidhani amekuja kunipiga. Macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Nyabo," yaani bibi kwa lugha ya huku, "vaa viatu. Wewe unapenda ukweli, twende nikuonyeshe."

Nilikwenda, lakini nilimwambia Bwana Maulidi njia tunayopita na saa ya kurudi. Tulishuka kwa boda hadi Namuwongo, tukaingia kwa miguu kando ya reli. Mvua ilikuwa imenyesha, tope hadi kwenye vifundo. Moyoni nasema, ananipeleka wapi huyu? Kila aliyemsalimu njiani nilimwona kama mwenzake wa njama.

Tukafika chumba kimoja chenye pazia la kijani. Ndani alikuwepo mama wa Kinubi anasuka mkeka, na pembeni yake, juu ya godoro, msichana wa miaka kama kumi na mitatu anamsuka nywele jirani. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mikono yangu, imekunjwa upande. Hakuinua kichwa. Vidole vilikuwa vinakimbia.

"Huyu ndiye Hawa," Hajati akasema. "Yule kwenye picha ni mtoto wa dada yangu."

Nikauliza, "Sasa kwa nini hukumpiga picha Hawa mwenyewe?"

Mama yake Hawa ndiye aliyejibu, bila kuacha mkeka wake. "Mimi nilikataa. Walikuja watu na kamera zamani, wakampiga picha mtoto wangu akiwa chini kwenye vumbi. Picha ikazunguka. Kila mtu anasema amemsaidia Hawa. Hapa ndani umeona nini kimeingia? Watoto wa hapa wakaanza kumwita kwa maneno yaliyoandikwa kwenye ile picha. Nikasema basi, mtoto wangu si bango."

"Nikafikiri nitamficha yeye, shida yake iende," Hajati akasema. "Nilifanya vibaya, najua."

"Na vyandarua?" nikauliza. Hata pale, Mama, nilishindwa kujizuia.

Hajati akanielekeza mlangoni. "Vilikwenda. Twende nyumba kwa nyumba ukitaka."

Sikwenda nyumba kwa nyumba. Na kwa kuwa sikwenda, mpaka leo sijui.

Hawa ndipo akasema, mkono bado uko kwenye nywele za mteja: "Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema mimi ni uongo?"

Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kama mtoto. Mama yake hakunibembeleza. Alinisogezea tu chai.

Nilirudi nikaandika tena kwenye kundi. Nikasema shida ni ya kweli, picha ndiyo haikuwa yake, na mimi nimekosa kwa kutoa picha ya mtoto mwingine bila idhini. Nikamwomba mama wa yule mtoto msamaha ana kwa ana. Alinisamehe kwa mdomo, sijui kwa moyo. Maneno yangu ya pili hayakusambazwa na mtu. Ya kwanza yalikuwa yameshavuka mipaka, ndiyo hayo yaliyofika kwa Mwanaidi.

Kisha nikaenda dukani kwa yule bwana wa magodoro. Siku ya kwanza alikuwa hana nafasi. Siku ya pili akanisikiliza amesimama. Siku ya tatu akasema, "Nyabo, mimi nitatoa. Lakini watu lazima waone. Kama hakuna picha, mimi nimetoa nini?"

Alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe, na mpiga picha wake. Vijana wawili walikibeba kiti begani kwa sababu kwenye tope lile hakiwezi kusukumwa. Kilikuwa kimetumika, gurudumu moja linavuta kushoto, lakini ni kizima. Majirani wakajaa mlangoni. Mama yake Hawa akasimama mbele ya mwanawe akatandaza mikono. Bwana yule akakunja uso, akawageukia vijana wake, nami nikaona waziwazi kwamba kiti kinarudi kilikotoka. Hajati akanitazama.

Ndipo Hawa akasema nyuma ya mgongo wa mama yake, "Mzee, piga picha ya kiti. Na wewe simama karibu nacho. Mimi nitakaa ukishaondoka."

Watu wakacheka, na bwana yule naye akacheka, nadhani kwa kukosa la kufanya. Akasimama, akaweka mkono juu ya kiti kitupu, akapigwa picha, akaaga. Alipopotea kule relini tukambeba Hawa tukamkalisha. Akaweka mikono kwenye magurudumu, akajisukuma kutoka ukutani hadi mlangoni, hatua nne tu za mtu mzima. Akakomea kizingitini akitazama nje. Mama yake akageuza uso akaendelea na mkeka.

Picha ya kiti ilisambazwa. Na unajua watu waliandika nini chini yake? "Mtoto yuko wapi?" "Kiti kitupu, tapeli mwingine." Nikaandika kwamba nilikuwepo, nimemwona kwa macho yangu amekaa. Mmoja akanijibu, "Wewe si ndiye uliyesema ni uongo? Tukuamini lipi?"

Nimeisambaza hata hivyo. Mwambie Mwanaidi aangalie, na akitaka kuamini aamini.

Nisalimie Kaka Shabani, mkubwa wetu, umwambie asisambaze chochote chenye machozi kabla hajaniuliza. Nisalimie Shangazi Mwajuma aliyenilea ulipokuwa unaumwa, na wifi yangu Zena, mkono wangu wa kulia hapo nyumbani. Busu la shavu kwa mdogo wetu Tatu, mhitimu wa chuo. Mwanaidi binamu yangu msalimie pia, lakini barua hii msomee wewe, usimpe mkononi.

Niombee dua, Mama, moyo wangu uone wazi bila kugeuka jiwe.

Ni mimi bintiyo niliye mbali nawe,
Mwanahamisi