Sweta la Njano

Jumanne, 14 Juni 1994

Baridi ya hapa kwetu Izia leo inauma hadi kwenye mifupa, lakini kilichonikosesha raha si baridi. Ni Minza! Mke wa Mayunga, wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakajenga kule mwisho wa mashamba. Miaka miwili iliyopita alikuja kwangu hajui hata kushika sindano ya kufumia. Nikamfundisha mimi. Kuanzisha, kupunguza, kufunga shingo. Sasa jumuiya nzima masweta ni kwa Minza. Eti rangi zake! Anafumua masweta ya mitumba, anachemsha nyuzi kwa rangi ya chakula – ile ile ya pilau – halafu anazianika mbele ya nyumba watu wote waone. Kamba nzima: njano, nyekundu, kijani.

Nimepita nimegeuza uso. Kaniona hivyo hivyo. Shikamoo Mama Lydia, karibu uone. Nikasema nina haraka. Haraka ya wapi? Nilikuwa narudi nyumbani.

Alhamisi, 16 Juni

Lydia kafika jana kutoka Kipili, kwa lori la dagaa, na tumbo lile! Mtoto wa kwanza mwanamke anajifungulia kwa mama yake, ndivyo tulivyo. Uzi mweupe wa sweta la mjukuu niliuweka tangu Pasaka. Leo ananiambia, mama, usijichoshe, nimeshaongea na dada Minza, atanifumia la njano. Nyeupe inachafuka.

Nyeupe inachafuka! Yeye mwenyewe nilimvika nyeupe, na akakua. Nikasema sawa mwanangu. Nikaenda jikoni kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Hakuna wa kusoma humu.

Jumapili, 19 Juni

Baada ya misa Minza kanifuata. Eti na mimi nijaribu rangi, si kazi ngumu, anachemsha na siki basi. "Ila uzi wenyewe, mama, ndio—" Nikamkata hapo hapo. Uzi unifundishe wewe? Mimi nafuma tangu wewe hujaota meno! Akacheka, kweli kabisa mama. Hata kukasirika hajui. Ndicho kinachoniudhi zaidi.

Jumatatu, 20 Juni

Nimenunua kopo la rangi ya njano na chupa ya siki. Siku hizi madukani hakuna kinachokosekana – na sisi tuliopanga foleni ya sabuni! Uzi ninao, ule mweupe wa dukani, mpya, haujavaliwa na mtu. Mitumba sigusi. Uzi mpya utashindwaje na sweta la mzungu lililotoboka viwiko?

Jumanne, 21 Juni

Lydia kaenda kliniki, nikabandika sufuria. Rangi ikakolea – nikapiga kigelegele peke yangu jikoni! Nikasuuza. Maji ya njano. Tena, njano. Mara ya sita maji yakatakata, na uzi nao ukatakata. Mweupe pe! Nikaongeza siki. Nikakamua ndimu. Nikatia chumvi, nikatia hata majivu. Kilichoshika rangi ni vidole vyangu.

Na ile sufuria. Baba Lydia mchana kaletewa ugali wa njano, akauliza kama serikali imeleta tena yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Nikamwambia ale.

Alhamisi, 23 Juni

Nimepata dawa yake. Kopo jipya zima, maji kidogo, na usisuuze! Umekaukia juu ya jiko, njano inayong'aa kuliko ya Minza. Ukishika, unga kidogo unabaki mkononi. Utaisha wenyewe.

Nafuma chumbani, mlango nimefunga. Mtindo ni ule ule niliomfundisha yeye.

Jumapili, 26 Juni

Mjukuu! Wa kiume, jana asubuhi, hospitali, salama. Wamesharudi nyumbani. Silvana, mama mkwe wa Lydia, kaja kutoka Kaengesa na unga wa ulezi wa uji. Mtoto ana paji la uso langu. Nimelia.

Halafu hodi – Minza na sweta lake. Wanawake vigelegele utafikiri kaleta mtoto mwingine. Silvana kalipitisha shavuni. Mikono hii haipo Kaengesa, anasema. Mimi nimekaa na sinia la chai kama mgeni nyumbani kwangu. Langu limebaki mkono mmoja tu kwisha.

Jumanne, 28 Juni

Nimelimaliza alfajiri. Lydia alikuwa anaoga. Nikamvua mtoto lile la Minza, nikamvika langu. La Minza nimelisukuma chini ya godoro. Nia yangu ilikuwa hii: wasifie kwanza, wasifie weee, halafu niseme ni la nani.

Wakasifia. Silvana kasema leo lang'aa zaidi, Minza ana mikono ya baraka. Nilifungua mdomo. Nikanywa chai. Nikajisemea nitawaambia kesho.

Jumatano, 29 Juni

Mungu wangu.

Silvana kamfungua mtoto amwogeshe, akapiga kelele. Shingo njano. Kifua njano. Kwapa, tumbo! "Mtoto ana manjano!" Lydia kaanguka magoti. Mimi nikajua palepale. Mtoto alikojoa akalowa, na njano iliishia pale pale sweta lilipoishia. Ningesema neno moja tu wangetulia. Sikusema. Nimebeba mjukuu wangu hadi hospitali nikikimbia, mzima wa afya, huku mama yake analia njia nzima.

Nesi kaangalia macho ya mtoto, meupe. Kachukua pamba, kailowesha, kapangusa. Pamba ya njano! Akacheka, kisha akafoka: nani kapaka mtoto rangi ya pilau? Lydia kajibu kabla sijameza mate. "Dada Minza."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale.

Alhamisi, 30 Juni

Minza kasikia, kaja mbio, hata kanga kavaa kinyume. Lydia hakumwitikia. Silvana kamtupia sweta miguuni. Kaliokota, kaligeuza ndani nje. Yeye ncha za uzi hufunga fundo, siku zote, nilimkataza na hakuacha. Mimi huzificha kwa sindano. Nilimwona vidole vikitafuta mafundo kwenye mshono wa bega, kisha kwapani, kisha shingoni. Hayapo. Akausugua uzi, akaunusa.

Akaniangalia. Si kwa hasira – ningependa iwe hasira!

"Uzi wa dukani haunywi rangi," kasema taratibu, kama anaongea na sweta. "Unaoga tu. Sufu ya kondoo, ile ya mitumba, ndiyo inayokunywa." Halafu kamgeukia Lydia. Nisamehe mdogo wangu, siku hiyo sijui nilichanganya nyuzi gani.

Kaondoka. Silvana kasema, umesikia, kakiri mwenyewe. Nimetafuta huruma moyoni nikakuta furaha. Ndogo, lakini ipo. Watarudi kwangu sasa! Halafu nikaona aibu, halafu furaha tena. Nimeshinda hivyo siku nzima.

Jumamosi, 2 Julai

Leo jumuiya inasali kwangu. Silvana kanipangia kazi: baada ya rozari nisimame niwaambie kina mama wasimpe Minza tena kazi ya masweta ya watoto. Wewe ndiye fundi wa zamani, kasema, wewe ndiye uliyemfundisha, neno lako litasikika. Lydia kaitikia kwa kichwa. Ananitazama tena kama zamani, mwanangu. Asubuhi kaniomba nimfumie mtoto lingine. Jeupe, mama.

Nilidhani Minza hatatokea. Katokea. Nimemwona kupitia pazia, kaingia, kasalimia wote, wawili tu wameitikia. Nimekimbilia huku chumbani eti natafuta rozari. Ninayo mkononi tangu mchana.

Wameanza kuimba. Nimejaribu kujisemea maneno kimya kimya: sweta lile ni langu. Manne tu! Hayapandi. Maneno ya Silvana ndiyo yanayopanda, yote, tena kwa mpangilio mzuri.

Lydia anabisha mlango. Mama, wanakusubiri wewe.

Nimechungulia tena. Mkeka umejaa ukuta hadi ukuta. Kumebaki sehemu moja wazi, pembeni ya Minza. Si kwamba wamemkimbia – yeye ndiye kaifunika kwa kanga yake, na kila anayekuja kuikalia anamwambia hapana, hapa ni pa Mama Lydia.