Sauti za Mipaka ya Rugari

Mabanga, Goma, tarehe 23 Januari 2025.
Mwaka wa kumi na saba tangu tutoke Rugari.

Mdogo wangu mpendwa Pascasie,

Salamu zangu zikufikie hapo Kisoro, wewe na watoto, hasa Uwamariya, ambaye nasikia sasa anafundisha kama mjomba wake. Mguu wako umepona? Mimi ni mzima, ila presha inapanda na kushuka pamoja na habari za redio. Tangu asubuhi mizinga inasikika upande wa mji wa Sake. Hapa Mabanga watu wameacha kuulizana ni ya nani. Wanaulizana tu imekaribia kiasi gani.

Anayekuletea barua hii ni Mama Henriette, yule mfanyabiashara wa nyanya anayevuka mpaka kila siku. Barabara ya Bunagana haipitiki, kwa hiyo atapita upande wa Rwanda, Gisenyi na Ruhengeri. Atakupa pia diski ndogo nyeusi iliyofungwa ndani ya kitenge. Nakueleza ni ya nini.

Unajua kazi niliyojipa tangu niache kufundisha: kuzunguka kambi za wakimbizi na kurekodi wazee wetu wakitaja mipaka ya mashamba yao. Nyumbani Rugari, mzee alipotaka kukabidhi shamba, alitembea mpaka wote pamoja na mrithi na majirani, akionyesha jiwe hili, mfereji ule, ua wa miti ya miyenzi. Baadaye pombe ya ndizi ilinywewa, na tangu siku hiyo kuonyesha mpaka hakukuwa kazi yake tena. Kambini hakuna pa kutembea. Basi walitembea kwa mdomo, jirani akikaa kando kuwasahihisha, nami nikishika kinasa sauti. Ile miyenzi imekatwa kuni, mawe yamejengewa mahandaki, na wengi wa wasemaji wameshazikwa. Siku watoto wao wakirudi, hawatakuwa na shahidi mwingine. Na sauti zote hizo zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yangu ya zamani.

Juma lililopita ilizimika, ikakataa kuwaka mchana kutwa. Nilikaa mbele yake kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa. Ilipowaka, niliifunga ndani ya blanketi nikaipeleka kwa Olive, mama wa Butembo mwenye ofisi ya kuchapa barua karibu na soko. Aliisikiliza, akasema mashine hii inapumua kama muzee aliyepandishwa mlima wa Nyiragongo kwa mguu. Alinionyesha programu tatu za kuhifadhi nakala, akaniambia nichague moja haraka, na nisichague kwa uzuri wa picha zake.

Ndugu yake Josias, anayefanya kazi kwenye shirika moja, alinishauri nichukue ya kwanza, inayopandisha kila kitu kwenye mtandao, kikae huko mbali salama. Olive alimuuliza kama mizinga ikifika Mugunga, mlangoni pa Goma, yeye ataomba mtandao usubiri muzee huyu wa mashine amalize kupandisha. Josias alicheka, lakini hakurudia tena shauri lake.

Mimi nilipenda programu ya pili. Hiyo inachukua mashine nzima, mfumo wake na faili zake, hadi rangi ya ukurasa wa kwanza, na kuvifunga kuwa furushi moja. Utanielewa, Pascasie. Mtu aliyekimbia mara nyingi kama mimi akiona kamba ya kufunga nyumba nzima hawezi kuiacha. Olive alinionya kwamba furushi la namna hiyo hufunguliwa na programu ileile tu, na kwamba likiraruka mahali pamoja linaweza kukataa kufunguka lote. Sikumsikiliza. Tulianza asubuhi. Mchana umeme ulikatika, betri yangu haikuhimili, na kompyuta ilipowashwa tena programu ilituambia kwamba furushi limeharibika. Hatukupata hata sauti moja. Wakati huohuo watu kutoka Sake walikuwa wakipita mlangoni na magodoro kichwani, na mashine ilikuwa imeanza tena kupata joto.

Hapo Olive alikoma kunibembeleza. Alisema mfumo wa kompyuta unapatikana kwa fundi yeyote wa mtaa wa Birere, lakini sauti ya muzee kama Nsanzimana, mmoja wa niliowarekodi, fundi gani ataiuza? Basi alichukua programu ya tatu, ndogo, isiyo na mapambo, ya bure. Inanakili faili moja baada ya nyingine, kama zilivyo. Umeme ukikatika, zilizokwisha kupita zimepona, na ukirudi inaendelea na zilizobaki. Nakala yake inafunguka kwenye mashine yoyote bila kuomba programu. Kwa ajili ya mfumo alinitengenezea flashi moja ya kuamshia kompyuta ikianguka kabisa, akasema inatosha.

Umeme ulikatika tena mara kadhaa. Kila uliporudi tulitazama mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukisogea. Ulipofika mwisho, nilichukua diski nikaiweka ndani ya mfuko wangu wa kukimbilia, ule unaokaa kando ya mlango, pamoja na kompyuta, dawa na vitambulisho. Olive aliniuliza ninafanya nini. Nilijibu kwamba vitu vya maana hukaa pamoja. Ndivyo tulivyojifunza barabarani. Alisema ndiyo sababu watu wetu hupoteza vyote kwa mnyang'anyi mmoja, na kwamba nakala inayokimbia ndani ya mfuko mmoja na mama yake si nakala. Ndiyo maana diski inakuja kwako. Ukiipata, mwombe Uwamariya ainakili kwenye kompyuta ya shule, na hizo mbili zisilale nyumba moja.

Kabla ya kuniachia diski, Olive alitaka tuijaribu kwenye mashine nyingine, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Viateur, jirani yetu wa bondeni kule Rugari, alikuwa amekuja kunijulia hali. Alifungua faili moja, na Nsanzimana akaanza kuongea, akakohoa, akamgombeza jirani yake kuhusu jiwe la mtoni. Viateur alicheka mpaka akafuta macho. Kisha alitafuta jina langu, akatafuta tena. Akaniambia: “Mwalimu, sisi wote umetuvusha. Na wewe uko wapi?”

Hapa, mdogo wangu, nakueleza jambo ambalo sikulisema hata kwa padri. Miaka yote nilirekodi wengine, nikisema langu litafuata, niko na haraka gani? Lakini nilijua sababu. Anayetaja mpaka wake kwa namna ile ameshaukabidhi. Hategemei kusimama pale tena na kuunyooshea kidole. Nilipokuwa sijasema, nilikuwa bado na safari ya kurudi. Na wewe, kwa kunisubiri, umekataa kujenga hapo Kisoro.

Nilimwomba Olive afunge mlango. Viateur alikaa kando yangu. Nilianza kwenye chemchemi, nikapanda hadi kaburi la baba, nikashuka upande wa shamba la akina Ndayambaje. Viateur alinisahihisha mara moja, na alikuwa na haki. Mwishoni nilimtaja Uwamariya kuwa mrithi. Hatukuwa na pombe ya ndizi. Olive alituletea chai. Faili ya mwisho ndani ya diski ni hiyo. Muisikilize mkiwa pamoja.

Kile kiwanja ulichoniuliza, kichukue ujenge, na usiniwekee chumba. Viateur na mimi tunabaki Mabanga, lolote litakalokuja. Miguu yetu imechoka kukimbia. Nisalimie watoto wote, na majirani wa Rugari walioko hapo, na umpe Mama Henriette chakula cha moto kwa shukrani, maana anapita njia ngumu kwa ajili yetu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mimi sitarudi Rugari.

Kaka yako,
Twizeyimana Faustin