Ushahidi Mpya Kuhusu Faraj

Kisauni, Mombasa
20 Agosti 1963

Mpendwa Ami Yeslam,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie huko Unguja ukiwa na afya, na goti la Mama Kuluthum liwe limepoa. Nyumbani sote tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi tangu Jumamosi akili yangu haijatulia.

Mwezi wa Mfunguo Tatu wewe ulinituma nimpeleleze Faraj bin Matano wa Likoni, aliyemposa binti yako Alawiya. Nilimwendea mamake, Bi Mwanasaumu, akanionyesha picha yake, nikauliza na msikitini kwao, kisha nikakuandikia: haachi sala, hanywi, ameajiriwa na Serikali Nairobi. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini niliposikia "Serikali" nilijichorea karani, nisiulize kazi yenyewe ni ipi.

Jumamosi hiyo nilikuwa Nairobi kwa mkutano wa walimu, na baada ya magharibi Bwana Ishaka akanikaribisha chai kwake. Ana televisheni. Ilipowaka, ikatokea bendi, na ndani ya bendi, Ami, mkweo mtarajiwa! Amefunga tai ya kipepeo, mashavu yamefura, anavuta na kusukuma bomba refu la shaba nyuma ya mwanamke aimbaye. Kikombe kilinitoka mkononi.

Mke wa Ishaka akanicheka. "Kumbe humjui? Huyo ndiye Faraj Tromboni! Sisi twamngoja yeye kila wiki, huyo mwimbaji apite tu."

Asubuhi nilikwenda chumbani kwa Faraj. Hakutahayari hata kidogo. Miaka minne alikuwa katika bendi ya jeshi, huko akafundishwa kusoma muziki. Televisheni ya Serikali ilipoanza mwaka jana, akachaguliwa kuingia bendi yake. Tromboni, hilo bomba lake, alinieleza, haina vitufe vya kubonyeza: sauti hutafutwa kwa urefu wa mkono peke yake, na ukikosea kwa upana wa kidole umewaharibia wote. Alirudia kipande kimoja mara nyingi mbele yangu. Mimi niliyekwenda kumkemea nikajikuta namsahihisha kimoyomoyo, hata ikafika mara ambayo sikupata la kusahihisha.

Nilipomwuliza mbona alituficha, alicheka.

"Kaka Hadi, na ualimu wote huo! Uliuliza sala zangu, ukauliza mshahara wangu. Nifanyacho hukukiuliza."

Nikamtaka aiache kazi hiyo kabla ya arusi. Alikataa. Kwa adabu, lakini wallahi alikataa.

Ami, arusi imebakiza majuma matatu. Ushahidi wangu wa kwanza naufuta, na huu ndio ulio sahihi: Faraj ni mpuliza tromboni, kazi yake anaijua, wala hataiacha. Nakusihi usiamue kwa hasira, wala kwa kuwaogopa majirani. Mweleze Alawiya yote haya, kisha mwulize yeye. Katika watu wote niliowahoji juu ya ndoa hii, sikumhoji atakayeolewa.

Nisalimie Mama Kuluthum na dada Hafswa. Mola akuonyeshe penye heri na aihifadhi nyumba yako.

Ni mimi mwana wa nduguyo, akupendaye na akuombaye radhi,
Hadi