Kwa Shiru, Ambaye Sikumfundisha Kikapu

Mpendwa binti yangu Shiru,

Nyanya yako ameniambia kwamba ukiona namba yangu kwenye simu unamwachia yeye apokee, wewe unatoka nje kulisha kuku. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, kuku wangu wangekuwa wamenona zaidi. Ndiyo maana naandika.

Sijui unakumbuka nini. Ulikuwa na miaka minne nilipokuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya kampuni pale Nakuru, na kila Jumamosi nilikwenda nawe uwanjani kwa sababu sikuwa na mtu wa kukuachia. Ulikaa juu ya mfuko wa jezi ukila hindi la kuchoma. Kila nilipokimbilia kikapu cha upande wa pili, ulilia, "Mama, unaenda wapi?" Refa alicheka mpaka akasahau kupuliza filimbi. Wakati wa mapumziko nilichuchumaa mbele yako nikakuambia, "Naenda kule, halafu narudi hapa. Mchezo ni huo tu." Ukarudia hindi lako. Uliniamini, Shiru, na hilo ndilo linaloniuma.

Baadaye goti likaharibika, kampuni ikavunja timu, nami nikawa kocha wa shule ya wasichana kwa malipo ya chai na nauli. Nilikuwa mkali. Wale wasichana waliniogopa kuliko mwalimu mkuu. Wewe ulisimama kando yangu, mikono kiunoni, ukiwafokea, "Magoti chini! Magoti chini!" Hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na furaha. Ila chai na nauli havisomeshi mtoto, na siku hizo kila mtaa ulikuwa na ajenti wa kupeleka watu Saudia. Nilikuambia miaka miwili. Ukauliza miwili ni mingapi, nikakuonyesha vidole. Ulikuwa na miaka saba.

Nyumba niliyopelekwa iko Al-Naseem, Riyadh. Nilifua, nikapika, nikapiga deki, na miaka miwili ilikuwa karibu kuisha bila mtu kuniuliza nilikuwa nani kabla sijafika. Asubuhi moja nikiosha ua, mpira ukabingirika hadi miguuni pangu. Ulikuwa wa Rima, binti wa madam, rika lako kabisa, mtoto mwembamba asiyeweza kudunda mpira mara tatu bila kujikwaa. Ningemrudishia tu. Lakini mikono ilikuwa na njaa. Nikaudunda nikiwa na ndara na gauni lililolowa, nikaupitisha nyuma ya mgongo, nikamtupia. Madam alikuwa dirishani.

"Inti mudarriba?" akaniuliza. Wewe ni kocha?

"Aiwa, madam," nikajibu, nimesimama wima kama niko mbele ya bendera. Jinga mimi.

Jioni hiyo dereva, Mkenya mwenzetu, aliambiwa apigilie kikapu ukutani. Alinitazama kutoka juu ya ngazi akasema, "Wewe umejiongezea kazi." Nilimcheka. Nilidhani ana wivu.

Mkataba ulipoisha nilikwenda kwa madam kuomba nirudi nyumbani. Huku hutoki nchini mpaka kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, akuombee kibali cha kutoka, na kafili wangu ni mume wake, ambaye mambo ya nyumbani humwachia yeye. Paspoti yangu iko kwenye droo yake. "Halas, utaenda," madam akasema. "Baada ya mashindano ya Rima, inshallah." Nikakupigia nikakuambia bado kidogo. Baada ya mashindano hayo yakaja mengine.

Unakumbuka viatu? Nilikununulia Batha, siku moja dereva aliponipeleka sokoni. Sikujua mguu wako umefika wapi, nikakisia kwa mguu wa Rima. Vilipofika havikukuingia, ukavigawa. Nilikasirika siku nzima, nikajifanya nimekukasirikia wewe. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mguu nilioujua ulikuwa wa mtoto wa mtu mwingine.

Shule zikifungwa huwa tunakwenda Jeddah, kwa mama yake madam huko Ruwais. Wasichana wanacheza katika ukumbi uliofungwa, wanawake pekee, na mlangoni kuna mama wa Kizanzibari aitwaye Bi Salma anayekusanya simu zote, mtu asipige picha. Wazazi wake walihamia huku zamani. Siku moja alinitazama nikiwapanga wasichana, kisha akaniita kando.

"Mwanangu, ikama yako imeandikwa nini?"

"Mfanyakazi wa nyumbani," nikajibu, maana ndivyo kibali changu cha kuishi huku kinavyosema.

"Na kwenu wataka kwenda?"

"Nina mtoto, Bi Salma. Mwaka wa saba huu."

Akatikisa kichwa. "Basi n'nani atakuwachia, nawe wafundisha hivi? Haribu kazi, mwanangu. Haribu, watakutimua wenyewe."

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikazidi kulikoleza. Basi nikaamua kulitia maji. Nilimwambia Rima atoe kiwiko nje anapotupa mpira. Akakosa. Akakosa tena. Kwa siku tatu alikosa kila kitu, wenzake wakamcheka, naye hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu, macho yamejaa machozi, "Hivi ndivyo, mudarriba?" Nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki nikuone. Mchezo ungeharibika, madam angekasirika, ningefukuzwa. Siku ya nne nikamshika kiwiko nikakirudisha ndani.

Sitaki unielewe vibaya. Simpendi kuliko wewe. Lakini mtoto alikuwa mbele yangu akiniamini, na wewe ulikuwa mbali. Timu yake ikashinda. Madam akanibusu kichwani mbele ya watu wote akasema, "Mwaka mmoja tu tena." Nikaitikia.

Mara ya mwisho ulipokubali kushika simu nilikuuliza kama unacheza kikapu. Ukasema uliacha. Nikauliza kwa nini. "Hakuna wa kunionyesha," ukajibu, wala hukusema kwa ubaya, ulisema tu kama mtu anayeeleza kwamba mvua haijanyesha. Tangu hapo kila nikiingia ukumbini nayasikia maneno hayo, na bado napuliza filimbi, kwa sababu ndiyo kazi.

Zamani nilikuwa nakuambia mwezi nitakaorudi. Siku hizi sitaji mwezi. Nimeacha hata kumuuliza madam.

Juzi nyanya alinitumia ujumbe wa sauti. Anasema mmepewa fomu shuleni, na kwenye mstari wa mzazi hukuandika kitu, mwalimu akakurudisha nayo nyumbani. Ulimwambia nyanya hujui uandike nani.

Andika jina la nyanya, Shiru. Namba ya simu weka yake. Usiandike kwa penseli eti mtu atakuja kufuta, andika kwa kalamu, umpelekee mwalimu, uendelee na masomo.

Kaa salama, umsikilize huyo aliyekulea.

Ni mimi niliyekuzaa.