Mwendo Usiolala

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, mwezi wa Novemba

Mdogo wangu mpendwa Naelijwa,

Nakusalimu wewe, na mama namwamkia kwa kinywa chako: mwambie shikamoo, umwambie taratibu, kwa lile sikio lake la kulia. Je, mkono wake unashika kikombe sasa? Na wewe, kikohozi cha masika kimekuacha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Sisemi uchovu wa jembe, ambao mtu akilala unaondoka. Huu wangu unaamka nami, unapanda baiskeli nami, unaingia nami darasani kufundisha watoto wa Temeke kugawanya.

Najua unachongoja kusoma. Unangoja nikuambie kwamba nimemaliza ile digrii yangu ya hesabu ya kusoma kwa posta, na kwamba Desemba narudi kufundisha shule ya kati ya misheni na kukaa na mama, ili Januari wewe uende chuo cha ukunga. Nafasi yako waliisogeza mwaka jana kwa ajili yangu. Hawataisogeza tena. Hayo yote nayajua, na ndiyo maana barua hii imechelewa. Vumilia nikueleze.

Chuo cha Uingereza kinamtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike insha moja ya hesabu iliyo yake mwenyewe. Si kujibu maswali. Atafute jambo ambalo halimo kitabuni, alithibitishe, aliandike mpaka mtu asiyemjua aliamini. Miaka yote mimi nimesifiwa kwa kunakili vizuri aliyosema mwalimu, leo naambiwa nisinakili! Msimamizi wangu, yule Mzungu anayefundisha shule moja ya mjini, alinishauri nichague kitu cha huku kwetu. Nikachagua bao, maana hapa kila baraza lina bao lake.

Mchezo wenyewe unaujua, wewe ulimwona marehemu baba akiucheza. Unachota kete zote za shimo moja, unaziangusha moja moja katika mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota zote unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, mwenzio anacheza. Mimi nikadai kwamba kila mwendo, uanze vyovyote vile, mwishowe hulala. Nikajitwisha kazi ya kulithibitisha dai hilo.

Naelijwa, kuandika hesabu ni kukubali kuaibishwa. Insha ya kwanza niliianza kwa adabu zetu: nikamwamkia mtahini, nikamtakia afya njema, nikaomba radhi kwa uchache wa elimu yangu, nikawasifu mababu waliobuni mchezo, ndipo nikafika kwenye neno, ukurasa wa nne. Msimamizi akazipiga mstari kurasa tatu nzima. "Anza na neno lenyewe," akasema. Ya pili ikarudi na wino mwekundu kila mahali nilipoandika "ni dhahiri". Pembeni ameandika: Kwa nini? Chini yake tena: Kwa nini? Nikakasirika, nikasema moyoni huyu ana ubishi wa mtoto wa miaka mitatu. Lakini kila nilipokaa kumjibu, nilikuta si dhahiri hata kidogo. Mwaka mzima umekwisha hivyo, natoka shule jioni naanza kutafuta kwa nini. Mwezi uliopita akaipitisha, nami nikainakili yote kwa mwandiko wangu wa sikukuu.

Jumapili moja baada ya ibada nikataka kujisifu kidogo. Mwenye nyumba wangu ni Bi Mwanahawa, mjane, mtu wa hapa hapa pwani, anauza vitumbua. Alikuwa uani akipepeta mchele. Nikamsomea huku nikimtafsiria, naye akasikiliza bila kuinua macho.

"Umesema kila mwendo unalala?"

"Kila mwendo, Bi Mwanahawa."

"Mwalimu, wee bao umelicheza au umelisoma?"

Akaweka ungo chini, akaenda ndani akatoka na bao la marehemu mumewe. Mume huyo aliugua miaka miwili kitandani, na wanaume wenzake walipochoka kuja kumtazama, mkewe ndiye aliyejifunza kucheza naye. Akanipangia kete, shimo hili mbili, lile moja, akifikiri kidogo. "Haya, anzia hapa. Ukilala niite." Akarudi kwenye mchele wake.

Nikachota, nikaangusha, nikachota tena. Nilizunguka mpaka vidole vikauma. Kila kete ya mwisho ilikuta shimo lina wenzake. Kivuli kikahama ukutani, mchele ukaisha kupepetwa, mimi bado naangusha. Bi Mwanahawa akaja akasimama kando yangu.

"Simama hapo hapo. Tazama. Si ndivyo nilivyokupangia mie?"

Ndivyo. Shimo kwa shimo, nilikuwa nimerudi nilikoanzia, na ningeweza kuzunguka hivyo mpaka kiama.

"Hii haina kulala," akasema. "Marehemu alikuwa akiniambia tuvunje, tupange upya. Wachezaji wote wanajua. Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nilipita barazani kila siku nikawaona watu wasiosoma, nikajiona mimi ndiye wa kuwaeleza. Nilikuwa nimeandika kwamba kete zina idadi na mashimo yana idadi, kwa hiyo mwendo nao lazima uishe. Sikuona kuwa kitu kidogo chaweza kisiishe, kwa kuzunguka tu. Msimamizi naye hakuona, maana mahali hapo hakuandika Kwa nini.

Sasa sikia jaribu lililonipata. Insha safi iko mezani, meli ya posta inaondoka Alhamisi. Mtahini yuko Uingereza, bao hajaliona kwa macho. Nani angemwambia? Bi Mwanahawa haandikiani barua na Waingereza. Ningeituma, ningerudi Desemba, digrii ingenifuata huko mlimani, nawe ungekwenda zako chuoni. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili yako. Jumatano nikapanga foleni posta, bahasha mkononi. Karani akanyoosha mkono, nami nikashindwa kuiachia. Akavuta, nikavuta. Watu wa nyuma wakaanza kuguna.

"Unatuma au hutumi, mwalimu?"

Nikasema situmi. Nikatoka nimejikasirikia, kwamba hata uongo siuwezi.

Nikampelekea msimamizi mwendo wa Bi Mwanahawa, nimeuchora hatua kwa hatua. Uso ukamwiva. "Mimi niliipitisha," akasema. "Kosa ni letu wawili." Kisha akasema hii ya sasa ndiyo yenye thamani: niandike upya, mwendo upi unalala na upi haulali, na kwa nini. Kazi ya mwaka mwingine. Tena lazima niwe hapa karibu naye, kwani chuo hakimkubali mtu wa mwaka wa mwisho asiye na msimamizi.

Basi nikaanza kukuandikia barua ya kukuomba mwaka mmoja tena. Nimeiandika mara tatu, na ilikuwa barua nzuri, kila sababu inafuata iliyotangulia. Ya tatu nikaisoma kama msimamizi anavyosoma. Nilipofika pale nilipoandika "ni dhahiri kuwa wewe bado kijana, unaweza kungoja", kalamu ikasimama. Nikaitoa barua yako ya Septemba, ile niliyoisoma haraka haraka. Uliandika mistari miwili tu juu ya mke wa jirani yetu wa bondeni: kwamba uchungu ulimshika siku mbili, kwamba walimbeba kwa machela kwenda hospitali, na kwamba wewe ulitembea kando umemshika mkono mpaka mkono ukapoa. Kisha ukaniuliza kama mashati yangu bado mazima.

Nililia, mdogo wangu. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya uani.

Shule nimeiaga, muhula unakwisha Ijumaa. Msimamizi amesema nikae na daftari la hesabu za bao, huenda siku moja nikamaliza. Sikumjibu, nimechoka kuahidi. Nitapanda basi mpaka Korogwe, gari la moshi mpaka Same, kutoka hapo ni miguu. Digrii sina. Watu wakikuuliza, usinifichie.

Nisalimie mjomba wetu mwenye ng'ombe. Atasema alijua tangu mwanzo, mwache aseme. Mama mdogo mwambie sijaoa huku, apumue. Mwinjilisti wa mtaa nampa mkono wa heri, na jirani yetu wa bondeni mpe pole yangu, ingawa imechelewa. Bi Mwanahawa anakusalimu bila kukujua. Amekufungia vitambaa vyeupe, anasema havimtoshi mkunga hata siku moja.

Nikifika, nionyeshe namna ya kumgeuza mama kitandani na namna anavyopenda kuogeshwa. Siku moja inanitosha. Kesho yake nenda. Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta.

Ni mimi kaka yako,
Elifuraha