Mama Alivyotuongoza Kulitafuta Lango la Kiwanda cha Sabuni

Nyumba ya kona, mkabala na maktaba,
Jumapili alasiri, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote nataka kujua magoti yanaendeleaje. Barua yako iliyopita ilisema siku hizi unapanda ngazi ubavuubavu kama kaa, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Mkaza mjomba naye, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie asijifanye shujaa, aende akaonwe na daktari.

Huku sote tunapumua. Baba watoto mzima, ila tumbo linatangulia kuingia mlangoni. Watoto wanasoma, wakubwa wananijibu, wadogo wanajifunza kwa wakubwa. Ningekupigia simu, lakini tangu sikio lako lianze ubishi mazungumzo yetu yamekuwa "Halo! Nani? Halo!" mpaka laini inakatika. Kwa hiyo nimefunika cherehani, nimeshika kalamu, na leo nina mengi.

La kwanza ni la dada yako. Kwamba macho yamekwisha kwa ile presha ya macho, hilo unalijua. Usilolijua, maana alinikataza nisikuandikie, ni kwamba mwaka jana alitoka peke yake kwenda dukani, hapo karibu tu, akakosea njia. Watu wawili asiowajua wakamrudisha wamemshika mikono, mmoja huku mmoja kule, majirani wakitazama. Hakulia, hakugomba. Alivua viatu, akaketi kitandani, akasema hatoki tena.

Tukadhani ni hasira za siku mbili. Mjomba, unamjua dada yako: hapana yake ina kufuli. Ikawa kitanda, kiti, bafu, kitanda. Chakula anadonoa, maneno anabana. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamletea watu wa kumpigia porojo, wapi! Nakwambia wazi kwamba niliogopa. Niliona mama yangu anazimika huku namtazama, na sikujua nifanye nini.

Sasa nikupe habari za chama chetu. Maktaba ina chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Akaja mkutubi mpya, binti mwembamba lakini akisema "nyamazeni" hata saa ya ukutani inasita. Akavitoa viti, akabandika tangazo: kila Jumamosi mazungumzo ya historia ya mji wetu, na mara mojamoja safari ya siku moja kwa basi la kukodi, kwenda kupaona mahali penyewe. Mimi nilivutwa na udaku tu. Cherehani yangu ipo dirishani, nikawa naona watu wanaingia mle na hawatoki, nikajiuliza wanafanya nini. Kuuliza si ujinga, nikavuka barabara. Baba watoto anatuita Wafukuaji, na jina limetukaa.

Mwenyekiti wetu ni dereva wa treni mstaafu, tunamwita Mzee Reli. Ana sauti nene na hawezi kuona barabara asiulize kwa nini imepinda pale ilipopinda. Ugonjwa huo ametuambukiza sote. Siku hizi nikienda sokoni nasimama katikati ya njia najiuliza kwa nini ukuta huu mnene na ule mwembamba, watu wananipiga vikumbo.

Chama kina kanuni moja, nayo ndiyo iliyozaa kisa chote hiki. Anayesimulia habari za mahali alipopajua mwenyewe hakatizwi wala hasahihishwi mpaka chai imiminwe. Kwenye chai ni ruksa, mbishie mpaka vikombe viruke. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya watu wazima wawili kukunjana mashati kwa ajili ya bomba la maji, kama lilikuwa mbele ya shule au nyuma yake. Bomba lenyewe liling'olewa zamani, wao bado hawasalimiani vizuri.

Basi, Jumamosi moja mada ikawa kiwanda cha sabuni. Mimi nilichojua ni kwamba Babu alifanya kazi huko, basi. Nikarudi nyumbani, nikawa napika huku nasimulia, nasema na sufuria tu, mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi. Nikasema king'ora cha kiwanda kilikuwa kinalia asubuhi. Sauti ikatoka chumbani, kali: "Nani kasema asubuhi tu? Kililia na mchana. Sisi tulipeleka chakula cha Baba kwa king'ora cha mchana." Nilibaki na mwiko hewani. Ilikuwa miezi sijasikia sauti hiyo.

Tangu hapo nikawa mjanja. Kila nikirudi naketi miguuni pake, nasimulia, na katikati napachika kosa la makusudi. Mara nasema sabuni ilikuwa ya kijani, mara nasema mlinzi alikuwa mpole. Anaruka! "Mpole? Yule? Alikuwa anatufukuza kama kuku!" Baadaye alinishtukia, akaniambia mimi muongo na sina haya, lakini hakuacha kunisahihisha. Ndipo nikajua mambo ambayo miaka yangu yote sikuwahi kuyauliza. Kwamba Babu alikuwa mkata sabuni, anavuta waya kwenye bonge hadi linakuwa miche. Kwamba mikono yake ilichubuka hivi kwamba Bibi ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Najiuliza watoto huwa tunafikiri nini, kwamba wazazi walizaliwa siku tuliyozaliwa sisi?

Mkutubi alipotangaza safari ya kwenda upande ule wa mji, nilimwambia mama. Akasema ng'o. Siku ya pili akasema ng'o, lakini polepole. Siku ya tatu akauliza basi litaondokea wapi. Akatoa sharti moja: asishikwe mkono kama mtoto. Yeye ndiye atakayenishika mimi kiwiko, na akitaka kuniachia ataniachia. Nikakubali kabla hajapumua.

Kwenye basi walimketisha karibu na Mzee Reli, na hapo, Mjomba, nasikitika kukuarifu kwamba heshima yako imekwisha. Dada yako aliwaeleza watu wote ule mtaro wa kiwanda uliokuwa unafurika povu, jinsi watoto mlivyokuwa mnajibandika ndevu nyeupe na kujifanya wazee, na jinsi ulivyotumbukia humo na chungu cha chakula cha Babu, ukaibuka huonekani macho wala pua. Ati jina lako lilikuwa Povu! Umri wote huu nakuamkia, sikuwahi kuambiwa. Sasa basi zima linakuita hivyo, na wanakusalimu.

Tulipofika, kiwanda hakipo, Mjomba. Hata ukuta mmoja. Pamejaa nyumba za watu, maduka ya vipuri, fundi wa matairi, kinyozi, na vichochoro vinavyopindana hivi kwamba mwenyeji mwenyewe anahitaji kufikiri. Mzee Reli akauliza nani anapajua. Mama akaniachia kiwiko, akanyoosha fimbo yake, akasema, "Nifuateni. Nitawafikisha langoni."

Ungemwona! Alikuwa anasikiliza kwa nyayo. Hapa njia inashuka, anasema, sawasawa, penye mtaro ilikuwa inashuka. Hapa upepo unaingia kutoka kushoto, ndiyo kona ya stoo. Wafukuaji wote nyuma yake kimya, mkutubi anaandika, mimi nyuma ya bega lake nimefura kwa fahari kama nimempeleka shule nikaambiwa ameongoza darasa. Akakata kichochoro, akakata kingine, akasimama, akanusa. "Mnasikia? Sabuni! Baada ya miaka yote hii!" Na kweli, harufu ya sabuni ilikuwepo. Akaingia kwenye uwazi uliokuwa mbele yake, sote tukaingia.

Ulikuwa ua wa nyumba ya mtu. Kwenye ukuta kimetundikwa kioo, na mbele ya kioo amesimama bwana mmoja na fulana, wembe mkononi, nusu ya uso povu tupu. Anajinyoa. Harufu yetu ya kihistoria ilikuwa kidevuni mwake.

Kanuni ni kanuni. Hakuna aliyefungua mdomo. Mzee Reli akavua kofia, akaweka kidole midomoni kumwomba yule bwana anyamaze, na maskini akanyamaza, wembe hewani, anatutazama tunavyozidi kuingia. Mama anaendelea kueleza kwa raha zake. Hapa ndipo lango. Hapa, na fimbo yake ikaelekea moja kwa moja tumboni kwa yule bwana, hapa ndipo alipokaa mlinzi, mtu mbaya sana, mnene, mnunaji.

"Shikamoo, mama," yule bwana akashindwa kuvumilia.

"Marahaba. Nani huyo? Sauti hiyo haikuwemo kwenye basi."

"Mimi mwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii mliyoingia, mama."

Uso wa mama ukakunjamana vilevile kama siku aliyoletwa kutoka dukani. Akapapasa, akanipata kiwiko, akakibana hadi nikaumia. Nikasema, basi, yamekwisha. Nimemtoa mama yangu ndani nikamletea aibu mbele za watu, na safari hii akiingia chumbani hatatoka mpaka tumtoe sisi. Nilijichukia, nikaichukia kanuni, nikamchukia hata yule bwana na ndevu zake.

"Yaani," mama akasema polepole, "ninyi nyote mna macho, na mkanifuata mimi?"

Mzee Reli akakohoa. "Kanuni, mama. Chai bado."

Akaanza kucheka. Kwanza mabega tu, nikadhani analia. Halafu sauti ikatoka, ile yake ya zamani ya kupigapiga paja, mpaka ikabidi yule bwana akimbilie kigoda amketishe. "Wanasema mwenye macho haambiwi tazama," anasema huku anajifuta machozi, "ninyi ni wa kuambiwa! Ni wa kupigiwa kengele!" Kicheko kikatuangusha wote. Mkutubi, yule mkali, ilibidi ashike ukuta.

Mwenye nyumba akawa mtu wa watu. Akasema kama kubishana kunangoja chai, basi iinjikwe hapohapo, maana yeye mwenyewe ana neno la kusema na hataki kungoja. Mkewe akatoka na vikombe, akauliza kuna msiba wa nani. Tukaketi mkekani, kwenye ngazi, kwenye ndoo zilizogeuzwa. Chai ilipomiminwa Mzee Reli alikuwa wa kwanza: lango lilikuwa upande wa pili kabisa, pale alipo fundi matairi, kwa sababu reli ya kiwanda iliingilia huko. Mama akamwambia hilo lilikuwa lango la mizigo, la watu lilikuwa jingine, au yeye alikuwa mzigo? Wakavutana. Mwenye nyumba akasema yeye lango halijui, ila mvua ikinyesha maji hukata uani kwake kwa nguvu kama yana njia yao chini kwa chini, na amejaza kifusi mpaka amechoka. Mama na Mzee Reli wakageuka kwa pamoja: "Mtaro!" Kwa hiyo inawezekana kabisa, Mjomba, kwamba tulikunywa chai juu ya kaburi la heshima yako.

Tuliondoka bila kujua lango lilikuwa wapi. Yule bwana alitusindikiza hadi kwenye basi, upande mmoja wa uso laini, wa pili ndevu, amesahau kabisa kumalizia. Amejiandikisha kwenye chama.

Njiani kurudi mama hakusema sana. Nikadhani amechoka, au aibu sasa ndiyo inamfika. Nikamwambia kwa upole asijali, mji umebadilika, hata mimi ningepotea. Akanijibu, "Nani anajali? Unajua ni muda gani sijapotea? Aliyelala kitandani hapotei, mwanangu." Nikageukia dirishani. Sikutaka ajue kwamba nalia, lakini alijua, akanipa leso.

Leo asubuhi nikamwambia ubishi huu una dawa: Mjomba yupo, akili yake nzima, na kila siku alikuwa anapeleka chakula langoni. Nimwandikie aseme tu lilikuwa wapi. Weee! Aliruka kitini. "Mwandikie, msalimie, mwulize magoti. Lakini mwambie Povu akithubutu kusema lango lilikuwa wapi, nitamfuata hukohuko aliko. Nitalitafuta mwenyewe."

Kwa hiyo, Mjomba, nakuomba kwa mapenzi yote niliyonayo kwako: kama unakumbuka, nyamaza. Wala usimdokeze. Likichukua mwaka na lichukue mwaka.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, mkaza mjomba kwanza, kisha binamu zangu na wale wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Baba watoto anakupa mkono, watoto wanakuamkia. Mzee Reli na Wafukuaji wote wanamsalimu Povu. Mungu akulindie magoti, usingizi na kicheko.

Naiacha kalamu hapa, mama anaita. Amevaa viatu, yupo mlangoni, anauliza nachelewa nini.

Mimi mpwa wako nikupendaye siku zote,
Fundi wa dirishani