Mfuko Kwenye Pafu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwongeli amenitengea kikombe ofisini kwa walimu. Amekitia alama kwa rangi ya kucha! Eti visichanganyike. Na huyo ndiye anayefundisha sayansi hapa shuleni Woodley. Nimekunywa chai yote nikimkazia macho.

Miezi minane ya dawa za TB sugu. Miguu imekufa ganzi, kikohozi kiko palepale.

Jumatano, 5 Machi
Daktari mpya, Kaindi, kliniki ya Kilimani. Msichana tu, na raba miguuni. Nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Kumbe ndiye wa kwanza kuitazama eksrei yangu zaidi ya dakika moja. Anashuku shimo lile la pafuni si la TB — ni mfuko niliozaliwa nao. Vijidudu vilivyojificha humo ni binamu tu wa TB, haviambukizi mtu. Kipande hicho kikikatwa, huenda nikapona.

Lakini jopo la madaktari linakaa Ijumaa, na wazee wale wanataka mwaka mwingine wa dawa. Vichwa vya mawe!

"Mwalimu, hakuna eksrei ya utotoni? Hata moja. Wakiona mfuko ulikuwepo, watakubali operesheni."

Nililazwa hospitali ya misheni nikiwa na miaka minne. Nitamuuliza Mama.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Mama, Siaya. Nimeanza kwa kugomba — watu wa kwetu hawatunzi kitu! Cheti changu cha ubatizo kililiwa na mchwa.

Akaniacha nimalize. Akasema eksrei aliitunza miaka kumi na minane, chini ya godoro.

"Si uliichukua wewe, wuoda, mwanangu. Siku jua lilipatwa."

Jumapili ile ya 2013. Nimetoka chuo, kichwa kimevimba. Watu wa kanisa wanakodolea jua macho matupu. Nikasema washamba hawa watapofuka. Nikaikata kwa mkasi, nikawagawia vipande watazamie jua, nikawahubiria hadi jioni. Nilidhani ni kifua cha marehemu Baba. Sikutazama hata jina! Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nje ya chumba cha jopo. Kaindi amepita na faili, akauliza kama eksrei imepatikana. Nikamwambia Mama ni mtu wa kijijini, ameipoteza. Akasema pole, wazazi wetu ndivyo walivyo, akaingia.

Sasa hivi Mama ametuma picha kwa simu ya jirani. Vipande vitatu, amevipanga juu ya kitambaa cha meza. Amezunguka nyumba kwa nyumba tangu jana. Anauliza kama vinatosha au azunguke tena.

Mlango umefungwa. Namsikia Kaindi ndani, anawaeleza kwamba Mama ameipoteza —